Gari Lenye Pua Magotini

Lenny alipofungua boneti ya Honda yake kuwaonyesha watu wa nyumbani bomba jipya, shemeji yake Otieno alicheka mpaka akashika ukuta wa gereji.

"Yaani wewe," akasema, "waliotengeneza gari hili waliliwekea pua usoni, kama viumbe wote wa Mungu. Na wewe ukaenda kutafuta mafundi wakuhamishie pua magotini?"

Bomba lenyewe lilikuwa la alumini, linang'aa kama sufuria ya harusi. Lilitoka kwenye injini, likapenya pembeni, likashuka hadi nyuma ya bampa, karibu kabisa na tairi la mbele, na huko chini mwisho wake kulifungwa filta nyekundu. Hewa ya chini ni baridi, Lenny akaeleza, na injini ikivuta hewa baridi inapata nguvu. Nguvu hizo Otieno hakuziona. Kelele ndizo alizozisikia, maana kuanzia siku hiyo ukikanyaga mafuta kidogo tu gari linanguruma mtaa mzima unachungulia dirishani. Vijana wa Houston miaka ile walikuwa na wazimu huo, na Lenny, mdogo wake Loice, mke wa Otieno, aliyekuwa akiishi kwao Pearland, pembeni mwa Houston, huku akisoma chuo, hakutaka kuachwa nyuma.

"Shida ni mvua tu, shemeji," Lenny akasema. "Jamaa aliyenifungia alinionya nisiingie kwenye maji. Kuna kidude cha kuongeza pale katikati, maji yakifika chini injini inavuta hewa ya juu. Sikukiweka."

"Kwa nini?"

"Kinaharibu sauti."

"Maji!" Otieno akasema. "Maji unayajua wewe?"

Hapo ungempa kiti, maana ukimtajia Otieno maji umemtajia Ahero, na Ahero haiishi upesi. Kabla ya Marekani, kabla ya kazi ya ghala la dawa na kadi ya kugonga kwenye mashine asubuhi na jioni, alikuwa dereva wa lori la miwa kule kwao Ahero, kwenye nyanda za Kano. Mto Nyando ukivunja kingo, barabara hupotea, na dereva anabaki kuikisia kwa kuangalia nguzo za simu. Madereva wote wa kule walifundishana somo moja. Unaweka gia ya kwanza, unakanyaga mafuta, na mguu hauondoi mpaka tairi za nyuma zipande pakavu. Ukilegeza kidogo tu, bomba la moshi linakunywa maji, lori linazimika, na wewe unalala juu ya miwa na mbu. Otieno hakuwahi kulala juu ya miwa hata mara moja, na jambo hilo alikuambia hata kama hukumuuliza.

Ila lori lile lilivuta hewa kwa juu, karibu na bega la dereva. Hilo Otieno hakuwahi kulifikiria.

Mtu aliyependa hadithi ya Ahero kuliko wote ni binti yake Awuor, aliyekuwa darasa la pili. Kila jioni alimpandia magotini. "Daddy, fanya ya Ahero!" Otieno ananguruma kama lori, anamrusharusha, anapinda kushoto, anapinda kulia, na mtoto anapiga kelele za furaha, "Usiachie, Daddy! Usiachie!" Mama yake anapita na nguo za kufua, anasema jamani utamuumiza mtoto. Nao hawasikii.

Loice alikuwa na sababu ya kuogopa. Awuor alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa ambao chembe za damu hujikunja kama mundu zikaziba njia, na mtoto akalia mifupa inamuuma, au kifua, au vyote. Baridi ilikuwa adui yake. Kulowa kulikuwa adui yake. Loice, muuguzi wa hospitali kubwa ya mjini, aliweka sheria moja ndani ya nyumba ile: homa na kifua vikija pamoja, hakuna dawa ya kabatini, wala maombi, wala "ngoja kwanza tuone". Ni hospitali. Otieno alimwelewa bila kuelezwa. Dada yake Aloo alikufa Kano wakiwa wadogo wote wawili, watu wakiita homa ya mifupa, na mpaka leo Otieno anaikumbuka pumzi ya Aloo siku ile ya mwisho. Ilikuwa fupifupi, mtoto akiiogopa pumzi yake mwenyewe.

Sasa sikia lililotokea.

Jumamosi moja ya mwaka 2002 mvua ilianza alfajiri, ikaendelea kama vile haina kazi nyingine. Loice alikuwa zamu, amekwenda na gari lao kubwa. Lenny alikuwa Carrollton kwa marafiki zake wa chuo, waliompitia kwa gari lao, na Honda yake ikabaki gerejini. Otieno alikuwa amekaanga mayai na kuita "Awuor!" mara kadhaa, na Awuor hajaja. Akapanda ngazi kwenda kumtania.

Mtoto alikuwa amekaa kitandani, ameegemea ukuta, mikono imekumbatia kifua. Macho yake yalikuwa na rangi ya manjano. Otieno alimgusa paji la uso, akauondoa mkono kama aliyeshika kikaango.

"Inauma wapi, mama?"

"Hapa. Nikipumua."

Otieno akainama asikilize. Ilikuwa pumzi ya Aloo.

Alipiga simu ya dharura. Mama aliyepokea alikuwa na sauti ya upole, na upole wenyewe ulimtisha zaidi. Magari yao mengi yamekwama kwenye maji, akasema, watatuma la kwanza litakalopatikana, tafadhali asiondoke karibu na simu. Litapatikana lini? Hilo hakuweza kusema. Otieno akampigia Loice wodini.

"Baba Awuor, nisikilize," Loice akasema. Alikuwa akitumia sauti yake ya kazini, ile isiyopanda wala kushuka, ila Otieno alisikia jinsi anavyoishikilia. "Homa na kifua hatungoji. Lakini usitoe gari la Lenny. Umenisikia? Clothilde ametoka zamu, yuko njiani anarudi huko, nimemwambia apite kwenu awachukue. Mpe maji anywe, mfunike, mngoje Clothilde."

"Clothilde!"

"Ndiyo, Clothilde. Shida iko wapi?"

Shida aliijua kila Mkenya wa Pearland. Clothilde alikuwa mama wa Kikongo, mtu wa Uvira, aliyewahudumia wagonjwa wodi moja na Loice. Mwanamke mwema, mwenye vitenge vya kupendeza na Corolla kuukuu, na hakuna aliyewahi kumwona akiendesha kwa kasi. Kwenye barabara kuu magari yalimpita huku na huku yakimpigia honi, naye anaimba nyimbo za kanisani. Otieno mwenyewe ndiye aliyesema siku moja kwamba Clothilde akitumwa kuleta mkunga, mtoto atazaliwa, ataota meno na kuanza shule kabla hawajafika. Watu walicheka sana siku hiyo, na Clothilde alicheka pamoja nao.

Alingoja. Msimlaumu kwamba hakungoja. Alimvalisha Awuor sweta mbili, akamfunga blanketi, juu yake akamvika mfuko mkubwa wa takataka alioutoboa pa kichwa, akamkalisha sebuleni naye akasimama dirishani. Barabara ya mtaa ilikuwa imejaa maji hadi ukingo. Hakuna Corolla. Alitazama saa, akatazama barabara, akarudi kusikiliza kifua. Hakuna Corolla. Awuor hakuwa akilia tena, na hilo ndilo lililomvunja. Mtoto wa selimundu anayelia unamjua anaendeleaje. Huyu alikuwa kimya, midomo imefifia, anavuta hewa kidogokidogo.

"Daddy, am I going to die?"

"Nani kakuambia upuuzi huo?" Otieno akasema kwa ukali. Akachukua ufunguo wa Honda.

Alijiambia maneno mengi akitoa gari gerejini. Kwamba Clothilde amekwama. Kwamba amegeuza. Kwamba mwanamke yule hata siku ya jua hafiki. Kwamba yeye, Otieno mwana wa Ogola, amevuka Nyando usiku akiwa na shehena ya miwa, na hapa ni Texas, barabara ya lami, maji ya mvua tu. Awuor alikuwa kiti cha nyuma, amefungwa mkanda juu ya blanketi na mfuko wa plastiki. Kila bomba lile liliponguruma mtoto alikunja uso.

Mitaa ya kwanza ilipitika. Aliendesha katikati ya barabara, mahali palipoinuka, na maji yalikuwa yakilamba tairi tu. Aliona magari yaliyotelekezwa, mengine yameelekea huku, mengine kule, taa zinawakawaka bila mtu ndani. Wapi walikwenda wenyewe? Alijaribu kutolifikiria hilo. Wipa zilikuwa zinapiga kwa nguvu zote na bado alikuwa akitazama nje kama mtu aliyefungua macho ndani ya ndoo.

Kisha akafika mahali barabara inapoinama kabla ya kupanda kwenda barabara kuu.

Maji yalikuwa yametanda kutoka ukingo hadi ukingo, rangi ya chai ya maziwa. Upande wa kulia kulikuwa na mfereji mkubwa wa kuondoa maji, ila mfereji haukuonekana tena, ulikuwa umekuwa kitu kimoja na barabara. Ng'ambo, mbali kidogo, aliona lami ikipanda ikiwa nyeupe kwa mvua, na juu yake malori yanapita, watu wanakwenda zao. Alisimamisha gari. Alitazama nguzo ya kibao cha kituo cha basi, akatazama ukuta mfupi wa duka la matairi lililofungwa. Maji hayazidi goti, akakadiria. Kwa lori la Ahero goti si kitu. Dereva wa Ahero akisimama kwa ajili ya maji ya goti, wenzake wanamtungia jina.

Nyuma yake, pumzi ya Awuor ilikatika, ikanyamaza, ikaanza tena.

"Shika blanketi, mama," akasema. "Tunafanya ya Ahero."

Alisikia sauti ndogo, kavu, ikijibu kwa Kiswahili kile walichokuwa wakichezea. "Usiachie, Daddy."

Akaweka gia ya kwanza, akakanyaga mafuta.

Gari lilipiga kelele kama mnyama aliyekanyagwa mkia. Liliingia majini kwa nguvu, na maji yakainuka mbele ya bampa, yakasimama kama ukingo, yakamwagikia boneti. Otieno aliliona wimbi hilo likipanda, na kila kitu kilichokuwa ndani yake, miaka yote ya Kano, kikamwambia kanyaga zaidi. Akakanyaga zaidi. Kumbe huko chini, nyuma ya bampa, ile filta nyekundu ilikuwa imezama ndani ya wimbi alilolitengeneza yeye mwenyewe, na kadiri alivyokanyaga ndivyo injini ilivyovuta kwa pupa. Ilivuta alichoipa. Ukiijaza silinda hewa, pistoni inaibana na safari inaendelea. Maji hayabaniki.

Kulitokea mshindo mmoja tu, wa chuma ndani ya chuma. Kisha kimya.

Otieno alikaa na mguu wake umeukandamiza ule mkanyagio hadi sakafuni, na hakuna kilichokuwa kikinguruma. Alisikia mvua juu ya bati la gari. Alisikia wimbi lake likigonga ukuta wa duka na kurudi. Akazungusha ufunguo. Tak. Akazungusha tena. Tak. Kule Ahero lori likizimika unakausha plagi kwa shati lako na unaondoka, lakini sauti hii haikuwa ya plagi. Kitu kilikuwa kimejifunga ndani ya injini hiyo na hakikutaka kufunguka.

"Daddy, maji yanaingia."

Yalikuwa yanaingia kweli, chini ya milango, taratibu, yakalowesha kapeti. Na gari, Mungu wangu, gari lilikuwa linasogea. Halikusogea sana. Sehemu yake ya nyuma ilikuwa ikivutwa polepole kuelekea kulia, kule mfereji ulikokuwa.

Sijui kama umewahi kuogopa namna ile, ambayo hata jina la mtoto wako linakupotea. Otieno alisema "We! We!" huku akifungua mkanda wake. Alishusha kioo kabla umeme haujafa, akatokea dirishani, akadumbukia majini. Yalikuwa baridi. Yalifika katikati ya paja, yakamsukuma. Alivuta mlango wa nyuma ukakataa, akavuta kwa mguu mmoja umeegemea gari, ukakubali kidogo, maji yakaingia kwa fujo, akapenyeza mikono akamtoa Awuor na blanketi lake na mfuko wake. Akampandisha mabegani.

"Nishike kichwa. Usiangalie chini."

Mbele palikuwa na kina zaidi na mvuto zaidi. Akageuka nyuma, walikotoka. Alitembea kama walivyotembea watu wa Kano mafuriko yakija, miguu haiinuki, inaburuta, kidole gumba kinatangulia kutafuta ardhi. Chochote kisichokuwa lami alikiogopa. Akapapasa, akasogea, akapapasa. Mtoto alikuwa mwepesi mno. Alikuwa akitetemeka, na kila mtetemeko Otieno aliusikia shingoni mwake. "Usilowe," akawa anasema, kana kwamba ilikuwa hiari yake. "Tafadhali mama, usilowe."

Karibu wafike, pikapu kubwa ilitokea nyuma yao kwa kasi, magurudumu marefu, dereva hata hakuwatazama. Wimbi lake liliwapiga ubavuni. Otieno alipiga goti moja, maji yakamfika kidevuni, na Awuor akatumbukia hadi kifuani kabla hajamnyanyua tena. Mtoto hakupiga kelele.

Alimfikisha chini ya paa la duka la matairi. Alivua shati lake, nalo lilikuwa limelowa. Alivua sweta za mtoto, akamkumbatia ngozi kwa ngozi, akamsugua mgongo, huku akipaza sauti kuita watu mahali pasipo na watu. Simu yake ilikuwa imekufa mfukoni. Kutoka hapo aliiona Honda imeinamia mfereji, maji yakiisukumasukuma. "Nimemuua," akasema kwa Kijaluo. Alilisema wazi, kwa sauti, kwa sababu ndilo aliloliamini. "Mama, nimemuua mtoto."

Ndipo akaona taa mbili za manjano zikija kutoka ng'ambo.

Zilikuwa zikija polepole kiasi kwamba mwanzo alifikiri ni gari jingine lililozimika, linaelea. Lakini halikuelea. Lilishuka mteremko, likaingia majini bila kishindo, na mbele yake hapakuinuka wimbi lolote, ila mkunjo mdogo tu kama wa bata anayeogelea. Lilikuja kwa mwendo wa mtu anayefuata jeneza. Lilipita ubavuni mwa Honda, karibu, maji yakiwa chini kidogo ya taa zake, na likaendelea. Lilikuwa Corolla kuukuu. Otieno alitazama na akaelewa kila kitu, hapo hapo, bila fundi wala mwalimu. Maji yalikuwa yanapitika. Yalipitika tangu mwanzo.

Clothilde alisimama mbele ya duka, kitambaa kichwani kimekaa sawasawa.

"Papa Awuor! Niliona ile gari, nikasema Yesu wangu, bamekufa. Leta mutoto. Leta haraka. Hita iko nawaka."

Aliwafunika kwa kitenge kikavu kilichokuwa kiti cha nyuma, akafungua hita hadi mwisho, akageuza gari. Ilibidi warudi kule kule alikotoka. Hakukuwa na njia nyingine.

Maji yalikuwa yameongezeka. Otieno, mtoto mikononi, aliyaona yakipanda kwenye kioo cha Honda na akaanza kusali bila kujua anasali. Clothilde alishuka majini kama anayeingia kanisani kwa kuchelewa. Injini ilikuwa inanong'ona tu. Otieno hakuweza kuvumilia. Mguu wake wa kulia ulikuwa umesukuma sakafu ya gari, umeikandamiza, unatafuta mkanyagio ambao haukuwepo.

"Mama, kanyaga!" akalia. "Likizima hapa tumekwisha! Kanyaga mafuta!"

"Papa, nyamaza."

"Bomba la moshi litakunywa maji, nakuambia! Kanyaga!"

"Nyamaza, Papa," Clothilde akasema, macho mbele, mikono yote miwili kwenye usukani. "Unabembeleza mutoto, mi naendesha gari."

Akanyamaza. Ilikuwa safari ndefu kuliko zote alizowahi kusafiri, na ilikuwa ya mita chache tu. Maji yaligusa taa. Gari lilitikisika mara moja, likasogezwa kuelekea mfereji, Clothilde akalirudisha kwa usukani kidogo, bila haraka, akiimba kwa pua. Kwenye bega la Otieno, Awuor alivuta pumzi, akakaa, akavuta nyingine. Kati ya hizo pumzi mbili yeye hakuvuta yoyote. Kisha pua ya gari ikainuka, tairi zikashika lami, na maji yakaanza kumwagika kutoka kila mahali.

Wakafika. Loice alikuwa mlangoni na kiti cha magurudumu na wenzake wawili. Alimchukua mtoto kutoka mikononi mwa mumewe, na walipokimbia naye Otieno alibaki amesimama na kitenge, kifua wazi, maji yanadondoka sakafuni.

Awuor aliwekewa oksijeni, akaongezewa damu, na kwa siku kadhaa madaktari walipokuwa wakizungumza na Loice koridoni walishusha sauti. Otieno alikaa kando ya kitanda akisikiliza pumzi. Hakuthubutu kulala, maana aliona kama akiacha kusikiliza zitakoma. Lenny alirudi kutoka Carrollton macho mekundu. Injini ilipofunguliwa, mkono mmoja wa pistoni ulikuwa umepinda kama kijiko cha bati. Lenny aliling'oa lile bomba mwenyewe, na alipotaka kuomba radhi Otieno alimkatiza.

"Bomba lako nililijua," akasema. "Ulinieleza. Wimbi ndilo lililokuwa langu."

Mungu si mnyimi. Homa ilishuka, kifua kikafunguka, na asubuhi moja Awuor akaitisha mayai. Loice alilia kwa mara ya kwanza siku hiyo, kichwa chake kwenye bega la Otieno, akampiga ngumi mbili za mgongoni, si za mchezo, kisha akamshikilia sana.

Siku ya kuruhusiwa, Clothilde alikuja kuwaaga akitoka zamu. Otieno alikuwa amelileta gari lao kubwa hadi mlangoni. Ameliosha. Ameweka blanketi jipya kiti cha nyuma. Nje kulikuwa na manyunyu, manyunyu tu, lami imelowa kidogo. Awuor alisimama chini ya paa la mlango ameshika mkono wa mama yake, akatazama lami, akatazama gari, akamtazama baba yake aliyesimama upande wa dereva na ufunguo mkononi.

"Twende, mama," Otieno akasema. "Leo tunakwenda polepole."

Mtoto hakusogea. Hakuwa na hasira. Alisema kwa adabu, kwa sauti ya chini, kama anayeomba maji ya kunywa.

"Daddy, nataka Mama Clothilde a-drive."

Clothilde aliangalia pembeni. Otieno alitaka kucheka, alitaka kusema hata Mama Clothilde mwenyewe amechoka, na kwa mwendo wake utaota meno mengine kabla hatujafika.

Akazunguka gari, akampa Clothilde ufunguo, akaingia kiti cha nyuma. Awuor akapanda upande wa pili, akafunga mkanda wake mwenyewe, akaupima kwa kuuvuta mara mbili. Walitoka hospitalini kwa mwendo ule ule wa Clothilde, magari yakiwapigia honi, na njia nzima mtoto hakuomba ya Ahero.